Mto wa Ovaroli

Fundi cherehani hakutupa kitambaa, hata kiwe na upana wa kidole. Mumewe alifanya kazi ya kunyunyiza dawa ya wadudu kwenye shamba la nyanya. Ovaroli yake ilipochanika, fundi aliisuuza mara moja, akakata sehemu nene ya mapajani, akamshonea binti yao, Kidoti, mto.

"Mke wangu, siku nikichakaa utanikata viraka," mume alimtania.

"Labda masikio. Hayo huyatumii."

Siku ya pili, mchana, fundi alikwenda kumwamsha Kidoti. Mtoto alikuwa amelowa jasho. Udenda ulimtiririka. Mboni zake zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano.

Fundi alimbeba mbio hadi kwa jirani yake, mhudumu wa afya.

"Dada, mwanangu! Sijui amekula nini!"

Mhudumu aliinama, akanusa. "Nywele zinanuka dawa. Alilalia nini?"

"Mto tu. Nimeushona kwa ovaroli ya baba yake. Lakini niliisuuza!"

"Iliwahi kumwagikiwa dawa?"

Fundi alikumbuka doa la mapajani. Dawa kali ya chupa, kabla ya kuchanganywa na maji.

Mhudumu alivaa glavu. Alimvua Kidoti nguo zote, akamwosha kwa sabuni na maji mengi, nywele hadi vidole.

"Nimpe maziwa?"

"Usimpe kitu! Tunakwenda hospitali. Mpigie mumeo, aje na jina la dawa kama lilivyo kwenye kibandiko."

Mume alifika hospitalini akihema. Daktari alisoma jina, akamchoma mtoto sindano. Kisha wakangoja. Fundi hakuondoa macho kwenye kile kifua kidogo. Kinapanda. Kinashuka. Je, kitapanda tena?

"Hizi dawa haziumizi kwa namna moja," mhudumu alisema taratibu. "Hii ya wadudu huvuruga mishipa ya fahamu. Mate, jasho, mwisho pumzi hukatika. Za magugu, zipo zinazoharibu mapafu. Za panya, nyingine huvujisha damu ndani kwa ndani. Na sumu si lazima uimeze. Ngozi nayo huinywa."

"Kumbe nilimwekea mwanangu sumu chini ya shavu?"

"Hukujua, dada. Sasa unajua."

Jioni mboni zilianza kufunguka. "Maji," Kidoti alinong'ona. Fundi akaangua kilio.

Mto na mabaki ya ovaroli vilifungwa kwenye mfuko, vikakabidhiwa msimamizi wa shamba avitupe mahali salama. Tangu hapo mume huoga na kubadili nguo kazini, na ovaroli hufuliwa huko huko.

Siku moja maji yalikatika shambani. Mume akarudi na ovaroli mwilini. Kidoti akamkimbilia.

"Simama hapo hapo!" fundi alifoka, mkasi mkononi.

Mume akainua mikono kama mwizi. "Hata kumbeba tu?"

"Kaoge kwanza! Ovaroli iache nje, ina beseni lake."

Kidoti alikaa nje ya mlango wa bafu, akisikiliza maji yakimwagika.

"Baba," aliita, "bado masikio!"