Lete Upepo

Jua lilikuwa linazama fundi alipoingia gereji kumalizia gurudumu la nne. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, limemzidi yeye umri, limeletwa kwa meli kutoka mbali. Karatasi zake zilisema ni safi. Mkaguzi wa magari hakuziamini. Alisema breki za magari hayo zina asbesto, vumbi linaloua mapafu polepole. Brekishuu zote, vile vipande vya kubania gurudumu, zifunguliwe, zilowanishwe, zifungwe kwenye mifuko. Angekuja asubuhi kuhakiki. Na hakuna kupuliza.

Hilo la mwisho lilimchoma fundi. Marehemu kaka yake, mwenye gereji, alipuliza vumbi la breki kwa kompresa miaka ishirini. Akiwa amelala chini ya gari, alikuwa akinyoosha mkono na kusema, "Lete upepo," na fundi akimpa mpira wa kompresa bila kutazama. Mwezi uliopita, mapafu yale yaligoma.

Funguo zilibaki kwa shemeji yake, mjane. Jioni ile alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akisubiri kufunga.

"Shemeji, na hiyo barakoa umekuwa mrina asali kabisa," alisema mjane.

"Vaa na wewe. Ile pale mezani."

"Mimi nyuki wa humu wananijua."

Walicheka kidogo. Hawakuwa wamecheka tangu mazishi.

Fundi akavua ngoma ya breki. Ndani mlijaa vumbi la kijivu, laini kama unga. Akainamia ndoo ya maji.

Mtu akakohoa.

Chini ya gari.

Fundi akaganda. Gari lilikuwa limeinuliwa kwa jeki kona moja tu. Chini yake hata paka angepita kwa kujibana. Kisha harufu ikaja... grisi, jasho, na ile dawa ya wodini.

"Lete upepo..."

Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu anayehesabu pumzi zake.

Kabla hajafikiri, mkono wa fundi ulikuwa umeshauchukua mpira. Mpira ukaanza kulia, sssss... Akatazama ukutani. Waya wa kompresa ulikuwa unaning'inia. Haukuchomekwa popote.

"Mpe, shemeji."

Mjane alikuwa amesimama nyuma yake.

"Shemeji, toka nje."

"Siku ile aliniomba hewa. Mtungi wa oksijeni umeisha, nesi haonekani. Nikabaki kumpepea na mtandio wangu. Mtandio, shemeji! Mpe."

"Vumbi hili litatumaliza na sisi."

"Humsikii anavyoomba?"

Akamnyang'anya mpira, akauelekeza kwenye ngoma. Fundi akalitaja jina la Mungu, akainua ndoo na kumwaga maji yote juu ya lile vumbi.

Kimya.

Maji yakatiririka chini ya gari. Yalipofika katikati yakagawanyika, yakapita huku na huku, yakakutana tena mbele. Pakabaki pakavu. Urefu wa mtu aliyelala chali.

"Umemnyima," mjane alinong'ona.

Asubuhi mkaguzi alihesabu mifuko, akasaini, gari likaruhusiwa. Akaitazama sakafu. "Mlimwagaje maji hapa?" Alipoondoka, fundi alipiga deki mara mbili. Pale palikataa kulowa. Akapiga magoti pembeni yake, akamwombea kaka yake mpaka sauti ikakauka, kisha akainuka akiamini yamekwisha.

Siku ya tatu mjane alikuja. Hakusalimia. Alikuwa amekumbatia nguo iliyokunjwa, pua yake imezama ndani yake.

"Shemeji, niazime ile kompresa. Nitairudisha leo leo."

"Ya nini?"

"Ameomba tena. Nyumbani. Safari hii yuko chini ya kitanda."

Fundi akaitazama ile nguo. Ilikuwa ovaroli ya kaka yake, ile ya kazini. Ilipokuwa mpya ilikuwa ya buluu. Sasa ilikuwa kijivu tupu.

"Sijaifua tangu alipokwenda," mjane alisema taratibu, akiipapasa kama mtoto mchanga. "Nataka niipulize tu."