Nyumba ya Sita, Section 58

Tableti ya chuo ilimponyoka Chelagat Jumamosi mchana, mbele ya soko kuu la Nakuru, pale ambapo mikokoteni, akina mama wa mboga na wahubiri wenye spika hung'ang'ania kipande kimoja cha lami. Ilianguka kifudifudi. Alipoiokota, skrini ilikuwa imepasuka pembe hadi pembe, na binti wa watu akabaki amesimama na gauni lake la kijani la kwendea mjini, machozi yakimlengalenga.

"Usilie hapo, mkokoteni utakukanyaga," sauti ilisema. "Ingia huku."

Sauti ilikuwa ya Waithaka, fundi wa simu, mwenye kibanda kidogo kama kabati na shati jeupe lililopigwa pasi likakubali. Fundi wa simu na shati jeupe, wapi na wapi? Lakini ndivyo alivyokuwa, msafi hadi kucha, na Chelagat aliliona shati kabla hajauona uso.

"Hii si yako, imeandikwa namba," Waithaka alisema akiigeuza.

"Ni ya chuo. Niko Njoro, nasomea afya ya jamii. Boss, nikiirudisha hivi nimekwisha."

"Boss ni nani? Naitwa Waithaka. Na hujakwisha. Keti."

Alikaa, tena kwa muda mrefu kuliko skrini ilivyohitaji. Akamweleza kuhusu utafiti wake wa shahada ya pili: wazee wenye ugonjwa wa kusahau, na watu wanaowatunza nyumbani. Msimamizi wake, Daktari Kosgei, alimtaka achague eneo moja, naye alikuwa amechagua mtaa wa Section 58, hapa hapa Nakuru, kwa kuwa nyumba zake zimekaribiana na wakazi ni wa kila aina.

Bisibisi ilimtoka Waithaka mkononi.

"Section 58? Watu wa huko hawafungui mageti. Nenda Ndabibi, kule mashambani. Wazee ni wengi na watakupea maziwa."

"Ndabibi nitalala wapi? Kwako?"

"Mimi nakushauri tu. Ama ufanyie huko kwenu Njoro."

"Njoro nilijaribu maswali wiki jana. Nikapata jamaa anamfungia babake ndani kwa kufuli. Kufuli, kama kuku. Mtu kama huyo hata chai yake singekunywa."

"Pengine hana wa kumwachia," Waithaka alisema, macho kwenye skrini.

"Huo ni ukatili, usimtetee."

Hakumtetea tena. Na niseme wazi mapema, maana sipendi kumzungusha mtu: Waithaka aliishi Section 58 na mama yake mzazi, Wangui, ambaye alikuwa ameanza kusahau sufuria kwenye moto, kisha majina, kisha njia ya kurudi nyumbani. Kila asubuhi, kabla ya kuja kazini, Waithaka alifunga mlango kwa nje na kutia ufunguo mfukoni. Sasa alikuwa ameketi goti kwa goti na msichana mwenye mwanya na kicheko cha kukufanya usahau shida zako, na msichana huyo alikuwa ameshatoa hukumu.

Mwenye akili angerudisha tableti na kusema kwaheri. Waithaka aliomba namba.

Mapenzi yao yakashika moto kwa simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Sauti yako."

"Hiyo haishibishi, Waithaka. Kula ugali."

Walionana mchana, walikula chipsi wamesimama, alimshika kiuno wakivuka barabara. Lakini jioni haikufika wakiwa pamoja hata mara moja. Ikikaribia, Waithaka alianza kutazama saa, akawa kama mtu mwenye mwiba kwenye kiatu, kisha huyo, amekwenda. Jumapili hapatikani. Nyumbani kwake, hapajulikani.

"Una bibi?" Chelagat alimuuliza siku moja.

"Sina. Naishi na mathe wangu."

"Basi nipeleke nimsalimie."

Waithaka alitazama saa.

"Nimeelewa," Chelagat alisema. "Mamako hataki Mkalenjin."

Na hapa ndipo ninapomkasirikia kijana huyu. Neno moja tu, hapana, lingetosha. Badala yake aliinamisha kichwa na kusema, "Wazee si unawajua." Mama ambaye hakumbuki hata kama amekunywa chai akabandikwa ukabila. Chelagat alilia usiku huo huko Njoro, na asubuhi akaamua atampenda Waithaka hivyo hivyo, kimyakimya, mpaka huyo mama alainike.

Kamati ya maadili ya utafiti ikapitisha pendekezo lake. Daktari Kosgei alimwita ofisini.

"Eneo ni Section 58, na umetia sahihi kwamba huna jamaa huko. Ukilibadilisha, tunarudi kwa kamati mwanzo, na mahafali ya mwaka huu utayatazama kwa simu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Daktari."

"Na huruki nyumba. Chagua ya kwanza kwa bahati nasibu, halafu kila ya sita. Mlango uliofungwa unarudiwa. Ukianza kuchagua milango inayokupendeza, huo si utafiti, ni matembezi."

Waithaka aliposikia kwamba kazi inaanza, alikosa usingizi. Alijaribu kubahatisha ataanzia wapi na ataelekea wapi, akaona hesabu inaweza kumwacha au kumnasa. Alifikiria kumhamisha mama, lakini ampeleke wapi? Alifikiria kusema ukweli, na kila alipofungua mdomo alisikia lile neno, ukatili, akaufunga.

Jumanne kabla ya saa sita, hesabu ilimfikisha Chelagat kwenye geti la bluu lililoachwa wazi. Alikuwa na sketi nyeusi, viatu vya chini na beji ya chuo kifuani. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli nje. Dirishani, nyuma ya vyuma, alikuwepo mwanamke mzee mwenye kadigani safi, nywele zimechanwa vizuri.

"Umekuja kunifungulia?" mzee alimuuliza kwa upole. "Ng'ombe wanalia. Nimechelewa kukamua."

Chelagat alilivuta lile kufuli. Jirani aliyekuwa akianika nguo, Sue, alimwita kutoka uani.

"Usishtuke, madam. Huyo ni mathe wa Waithaka, yule fundi wa simu pale sokoni. Anakuja saa saba kumlisha."

Chelagat alimtazama tena yule mzee dirishani. Kisha akatoa simu.

"Niambie, mpenzi," Waithaka alijibu.

"Niko kwa dirisha lenu."

Alikuja mbio kutoka mjini, shati jeupe limemgandama mgongoni, akauangusha ufunguo mara mbili. Mlango ulipofunguka Wangui alitaka kupita, mwanawe akamshika kwa mikono miwili, taratibu, akamketisha kitini.

"Nilimwachia mlango wazi mara moja," alisema bila kumtazama Chelagat. "Alipatikana barabara kuu, katikati ya malori, ati anaenda Ndabibi kwao kukamua. Niliandika msichana wa kazi, akatoka kununua mkate hajarudi mpaka leo. Dada yangu hupiga simu Krismasi. Nifanye nini, Chela? Nikikaa hapa tutakula nini?"

"Na uliniambia hanitaki."

"Wewe ndiye ulisema."

"Na hukukanusha, Waithaka. Nimemchukia mama wa watu miezi yote hii. Nimemchukia, na haya ndiyo maisha yake."

"Ulisema hata chai ya mtu kama mimi hungekunywa. Kwa hivyo niliona afadhali udhani ni ukabila. Ukabila Nakuru hii kila mtu anauelewa." Alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Mimi pia nimefungwa, Chela. Tofauti ni kwamba ufunguo ninao mimi."

Chelagat aliketi. Hasira ilikuwepo, na huruma ilikuwepo, na juu ya yote alimwonea haya yule jamaa wa Njoro, kwa kuwa alimhukumu bila kumuuliza hata swali moja la maana.

"Hii nyumba iko kwa sampuli," alisema hatimaye.

"Iruke."

"Siruhusiwi."

"Basi niulize. Uliza kama namfungia. Andika."

"Siwezi kukuuliza mimi. Na kesho estate nzima itajua mimi ni msichana wako. Nani ataniambia ukweli kuhusu kufuli lake?"

Alipiga simu, Waithaka amesimama palepale.

"Daktari, naomba kubadilisha eneo la utafiti."

"Chelagat, umelewa? Kwa sababu gani?"

"Nina jamaa Section 58."

"Ulitia sahihi kwamba huna."

"Wakati huo sikuwa naye."

"Jamaa gani huyo?"

Chelagat alimtazama Wangui, aliyekuwa akikunja na kukunjua pindo la kadigani.

"Mama mkwe."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Mwanawe bado hajaambiwa, yuko hapa anasikiliza."

Daktari Kosgei akakohoa. "Basi mahafali ni mwaka ujao."

"Najua, Daktari."

Alipokata simu, Waithaka alikuwa ameegemea ukuta.

"Hujui unaingia wapi," alimwambia. "Hapa hakuna jioni. Hakuna Jumapili. Utanichukia."

"Siku zingine, ndiyo. Sasa toka nje."

"Unanifukuza?"

"Nenda utembee. Nitakaa na mathe. Rudi ukichoka."

Waithaka alitoka. Alifika getini, akatazama juu ya barabara, akatazama chini. Kwa miaka mingi alikuwa akijua njia mbili tu, ya kwenda kibandani na ya kurudi kufungua. Alisimama hapo kwa muda, mikono imening'inia.

"Yule kijana amepotea?" Wangui aliuliza dirishani.

"Hapana, mathe," Chelagat alisema. "Hajazoea tu."