Kidole Kimoja Mdomoni mwa Mwari

Shemeji yangu Alcide Terrebonne anajua kila kitu kuhusu jimbo letu la Louisiana. Hata usipomuuliza, atakuambia.

Kila asubuhi wageni huja kwenye gati lake hapa Grand Isle kuvua samaki. Alcide huwapa chambo na viti, kisha huanza.

"Ua la jimbo letu ni manolia. Mti wetu ni mberoshi wa kinamasi. Mnyama wetu atambaaye ni mamba. Chakula chetu ni gambo, mchuzi mzito wa kamba na kaa. Mke wangu huupika kuliko mtu yeyote kisiwani."

"Na ndege wenu?" mgeni mmoja huuliza.

Swali hilo ndilo analolisubiri. Huinua mkono na kuonyesha ndege wakubwa wa rangi ya kahawia waliokaa juu ya nguzo, kila mmoja na mfuko wake chini ya mdomo.

"Mwari! Tazameni bendera yetu pale juu. Mwari mama yuko kiotani na watoto watatu. Amejichoma kifua ili awalishe damu yake. Matone ni matatu. Yahesabuni!"

Wageni wakiwa bado wanahesabu, yeye huchota vichwa na mifupa ya samaki kwenye ndoo na kuwatupia ndege. Ndege hugombana, wageni hucheka na kupiga picha.

Dada yangu Verna, mke wake, husafisha samaki kwenye meza ya gati. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi kuliko kengele ya kanisa.

"Alcide, acha kuwatupia ndege mifupa."

"Wageni wanapenda."

"Mfupa mkubwa unatoboa koo la ndege. Na siku hizi hawaendi kuvua wenyewe. Wanazunguka kwenye mishipi ya watu kama kuku mlangoni mwa jiko. Isitoshe, mifupa hiyo nimekuomba kwa mitego yangu ya kaa tangu Pasaka."

"Nimekusikia, mpenzi."

"Masikio yamesikia. Mkono bado."

Mimi nilimweleza kwa upole. Nilimweleza kwa ukali pia. Alinijibu, "Shemeji, nimeishi na ndege hawa maisha yangu yote." Mtu anayejua kila kitu utamfundisha nini?

Jumamosi moja ya Juni, mgeni kutoka Ohio alirusha mshipi wake. Mwari mmoja alikuwa anasubiri mifupa. Alipokiona chambo hewani, alikirukia. Ndoano ikamnasa begani, kwenye bawa. Akaanguka majini akipigapiga.

Mgeni alishtuka. Akatoa kisu akate mshipi.

"Usikate!" Verna alipiga kelele. "Ukikata, ataruka na mshipi mrefu mwilini. Mshipi utanaswa na matawi, naye ataning'inia huko mpaka afe. Jumatatu nilimshusha mmoja mtini, ameshakauka. Mvute polepole."

Mgeni akamvuta. Alcide akateremsha wavu wa mkono, akampandisha ndege juu ya gati. Hapo alifanya vizuri. Lakini ndege alimrukia usoni kwa mdomo wake mrefu.

"Niachieni mimi," Alcide alisema. "Nimefunga mamba tangu nina miaka kumi na minne. Ukishafunga mdomo, kazi imekwisha."

Akatoa utepe mweusi wa gundi mfukoni. Akauzungusha mdomoni mwa ndege mara tatu, kama tunavyowafunga mamba. Ndege alijitupa huku na huku. Kisha akaacha.

"Mnaona? Ametulia."

"Ametulia mno," alisema Verna.

Shingo ya ndege ililegea. Macho yakaanza kujifumba.

Wakati huo huo jirani yetu, Bi Charlene Dardar, alikuwa anakuja kununua barafu. Bi Charlene alifanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha kutibu ndege wa baharini. Alipomwona yule ndege, aliacha ndoo yake ianguke.

"Nani amemfunga mdomo? Fungua!"

"Anauma huyu, Bi Charlene."

"Alcide, unamnyonga! Ndege huyu hapumui kwa pua. Anapumulia mdomo!"

"Kila ndege ana matundu ya pua."

"Ya mwari yamezibwa na ngozi. Mamba ukimfunga mdomo anapumua kwa pua. Huyu ukimfunga mdomo, umemfunga kila kitu. Fungua, bwana!"

Verna hakungoja mumewe aelewe. Aliukata utepe kwa kisu chake cha samaki. Mdomo ukafunguka. Ndege hakusogea.

Nilikumbuka darasa letu la mwaka 1963. Nilikuwa na miaka kumi. Mwalimu alituambia tuchore ndege wa jimbo letu. Sote tulichora kwa kutazama bendera, kwa sababu hapakuwa na mwari hata mmoja katika Louisiana nzima. Sumu ya kuua wadudu ilitoka mashambani, ikashuka na mto mpaka baharini. Samaki waliibeba, na mwari waliowala samaki hao wakaisha. Nilifika miaka kumi na tano ndipo serikali ilipoanza kuleta makinda kutoka Florida. Miaka yote hiyo bendera yetu ilipepea na ndege ambaye sisi watoto hatukumwona. Na sasa shemeji yangu alikuwa amemuua mmoja kwa utepe wa gundi.

Kisha mfuko wa ndege ulitikisika. Akavuta pumzi, tena nyingine.

"Asante Mungu," alisema Verna.

"Haya, fanyeni nitakavyosema," alisema Bi Charlene. "Verna, taulo. Mfunike macho, atapunguza hofu. Mzee," akaniambia mimi, "kunja mabawa yake taratibu, uyashike ubavuni. Alcide, shika mdomo. Weka kidole kimoja katikati, usifunge kabisa. Hewa ipite."

"Ananiuma kidole."

"Vizuri. Maana yake yu hai."

Bi Charlene alitafuta ndoano chini ya manyoya. Hakuivuta nyuma, kwa sababu ndoano ina kijino, na kijino kingechana nyama. Aliisukuma mbele mpaka ncha ikatokeza upande wa pili. Akakikata kijino kwa koleo. Kisha ndoano ikarudi nyuma bila shida. Akakagua miguu na mabawa, akaondoa kipande cha mshipi wa zamani.

"Angekuwa ameimeza ndoano, tusingeigusa," alisema. "Tungeita watu wa kituo. Sasa mgeuzeni atazame maji. Mwachieni."

Ndege alisimama akiyumba. Akapiga mabawa, akaruka chini chini juu ya maji, akatua mbali.

Alcide alitazama kidole chake chenye damu. Verna alitazama kidole hicho pia.

"Tone moja," alisema. "Bado mawili uwe bendera."

Alcide hakucheka. Alichukua ndoo ya mifupa, akaibeba mwenyewe mpaka kwenye mitego ya kaa.

Jumatatu alileta pipa lenye kifuniko kwa ajili ya mifupa. Alipigilia ukutani sanduku la kutupia mishipi mikuukuu. Wavu, taulo na koleo, kila kimoja kikapata msumari wake wa kutundikia.

Wiki mbili ndege walikuja kwenye nguzo na kungoja. Hawakupata kitu. Wiki ya tatu walianza kwenda zao baharini. Wageni wakawaona wakijitupa kutoka juu kama mawe, na kuibuka na samaki mfukoni. Picha hizo ni nzuri kuliko zile za mwanzo. Tangu hapo mpaka msimu ulipokwisha, hakunaswa ndege hata mmoja kwenye gati lile. Na gambo ya Verna ilijaa kaa.

Alcide mwenyewe hajanyamaza. Bado anawahesabia wageni manolia, mberoshi na mamba. Akifika kwa mwari, anaanza na matone matatu ya bendera. Kisha anainua kidole chake chenye kovu.

"Mkimnasa, msikate mshipi. Na mdomoni, kidole kimoja katikati. Apumue!"

"Ameshawaambia mara nne leo," Verna hunilalamikia.

Mwache aseme, dada yangu. Mwache aseme.