Kiti Kisichokauka

Mashua ilikuwa imewekwa juu ya magogo, chini ya bati, na mbao zake zimekauka mpaka zikapasuka. Kiti cha nyuma peke yake ndicho kilichokuwa na maji. Irine alikipangusa kwa leso, akageuka kumwita mumewe, na alipotazama tena maji yalikuwa yameshajaa. Mtu mwenye akili zake angeondoka hapo hapo.

Elkanah Ondieki hakuondoka. Alikuwa muuza misumari na rangi kule Oyugis, Mgusii wa milimani ambaye ziwa alilijua kwa kulitazama tu, na Jumapili hiyo alikuwa amemleta mkewe Mbita kuona maonyesho ya mashua za zamani za mashindano. Alipanda, akakaa kwenye kiti kile, akashika kasia.

"Nipige picha."

"Toka hapo, baba. Hicho kiti sikipendi."

"Wewe na mambo yenu ya Rusinga," akacheka, maana Irine alikuwa Mjaluo aliyezaliwa kisiwani huko.

Aliposhuka suruali ilikuwa chapachapa, na harufu ya matope ya ziwa ikapanda nao gari mpaka nyumbani.

Kesho yake aliagiza mumi. Sasa elewa: Elkanah ni Msabato kindakindaki, na mumi, samaki asiye na magamba aliye haramu kwao, hakuwahi kuvuka mlango wake. Alimla mpaka kichwa, akalamba vidole, halafu akamshukuru mkewe kwa Kijaluo kilichonyooka, yeye ambaye miaka yote ya ndoa alishindwa hata kuwasalimia wakwe bila kuchekwa.

Irine akaanza kumchunguza kama mwizi dukani. Alimwona amekaa nyuma ya kaunta, wateja wamesimama, mikono yake ikivuta kitu kisichokuwepo, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na chini ya stuli dimbwi likienea polepole kuelekea miguu ya watu, na aliponong'ona, "Baba, ni wewe?" akatabasamu tabasamu ambalo hakuwahi kuliona kwenye uso ule. Irine aliogopa, kusema kweli.

Alirudi Mbita kwa Boaz, mlinzi wa mashua zile, akamweleza yote. Boaz alishusha sauti.

"Alikaa pale? Hicho ni kiti cha Oyaro. Alizama kwenye mashindano, mwili haukupatikana."

"Si mngeweka hata kamba?"

"Kila mtu hapa anajua, mama. Nani angekaa?" Akatazama ziwa. "Tulitaka kuzika yago, lile tunda refu la mwegea, badala ya mwili, vile sisi hufanya. Mamake akakataa, akasema hakuzaa tunda. Sasa Oyaro amekuwa jachien, pepo msumbufu. Roho ya mtu ambaye hajazikwa hutafuta pa kukaa."

Irine alimpigia magoti mama huyo, Rispa, akalia mpaka akakubaliwa.

"Nitamwita Oyaro pale ufukweni aingie kwenye yago," Rispa alisema. "Nikishamzika, mumeo atapona."

Siku ya pili, jua la mchana likiwaka, walisimama wanne ukingoni, Elkanah akiwa ameletwa na mkewe. Boaz alikuwa amechimba kaburi nyumbani kwa Rispa. Rispa alilikumbatia tunda ndani ya shuka jeupe, akaita jina la mwanawe, na upepo ukakatika, mawimbi yakalala, ndege wakanyamaza mmoja baada ya mwingine, na harufu ya matope ikazidi mpaka Irine akaziba pua, akaomba Mungu kimoyomoyo, asithubutu kumtazama mumewe aliyekuwa kando yake akipumua kama mtu aliyejaa maji kifuani.

"Niko hapa, mama," Elkanah akaitika kwa Kijaluo.

Rispa akageuka. "Umekula?"

"Bado."

"Usimjibu, mama," Irine akanong'ona. "Zika tu. Nakuomba."

Rispa alilitazama tunda, akautazama uso wa yule mwanamume. Kisha akalitupa tunda ziwani.

"Nisamehe, binti yangu," alisema. "Nimemngoja sana."

Akamshika yule mwanamume mkono, wakapanda njia ya nyumbani pamoja. Irine aliita jina la mumewe, akaita na la ukoo, na mwanamume yule hakugeuka hata kidogo. Aliendelea kuita huku analia, mpaka Boaz akamshika bega na kumwambia anyamaze, asikilize vizuri. Kulikuwa na mtu anayeitika, mbali, katikati ya maji.