Maadamu Wavu Upo

Kidonda hakikunuka, kilinukia. Hilo ndilo lililomtisha muuguzi asubuhi ile alipofungua bandeji ya dada yake, kwa sababu miaka kumi na saba ya kuosha vidonda ilikuwa imemfundisha kila aina ya uvundo unaoweza kutoka katika mwili wa binadamu, na hakuna hata mmoja uliofanana na marashi. Akainama, akavuta pumzi tena. Marashi ya mawaridi, mazito, kama ya mtu aliyejipulizia aende kuposa. Akamwuliza dada kama kuna mgeni aliyekuja na manukato. Dada akasema mgeni pekee aliyemwona ni yeye mdogo wake, na huyo ananuka dawa ya kuua vijidudu tangu aajiriwe.

Wakacheka. Dada alikuwa fundi cherehani, mtu wa mizaha, na hiyo ilikuwa siku ya nne tu tangu achomolewe mdomoni mwa mauti. Ngiri ya tumbo aliyoificha chini ya magauni mapana kwa miaka miwili ilikuwa imembana utumbo, utumbo ukaoza, ukapasuka, uchafu ukasambaa. Daktari mpasuaji, ambaye wodi nzima ilimwita Mkasi akiwa hayupo, alikata kilichooza na kusafisha, lakini ukuta wa tumbo ukakataa kukutana. Hapo huwekwa wavu, kitambaa chembamba chenye matundu, kinachoshonewa ndani kuziba pengo. Wavu wa kudumu katika kidonda kichafu namna ile ungekuwa nyumba ya vijidudu, kwa hiyo Mkasi aliweka wavu unaoyeyuka. Utashikilia wiki kadhaa mpaka kidonda kipone, alimwambia muuguzi, kisha mwili utaumeza. Ngiri huenda ikarudi, lakini itamrudia mtu aliye hai, na mwakani watamshona upya kwa wavu wa kudumu.

Muuguzi hakumweleza shemeji yake yote hayo. Shemeji alikuwa mtu wa kuzimia akiona sindano. "Wamemwekea wavu imara," alimwambia, yakaishia hapo.

Siku ya tano marashi yalifika mpaka kwenye korido. Siku ya sita, adhuhuri, huku wagonjwa wengine wakigonganisha vijiko na sahani zao, muuguzi alisikia mtu akivumisha wimbo puani, polepole, na alipotafuta unakotoka akajikuta ameinamia tumbo la dada yake aliyekuwa amelala fofofo, bandeji ikipanda na kushuka kwa kuufuata wimbo ule, si kwa kufuata pumzi za dada, maana pumzi za dada zilikuwa fupi na wimbo ulikuwa mrefu, na kadiri alivyozidi kusikiliza ndivyo alivyozidi kuelewa kwamba anayeimba anajua kuwa anasikilizwa.

Wimbo ukakoma. Midomo ya dada ikafunguka, ikatoka sauti ya kiume, ya upole.

"Nilikuta pamefunguliwa, nikaingia," ilisema. "Lakini mmenipa sebule tu. Mimi nataka nyumba nzima."

Muuguzi alikimbilia koridoni. Akampigia shemeji simu, na kumbe yule mwoga wa sindano kwa majini hakuwa na hofu hata kidogo. Alasiri hiyohiyo alifika na tabibu wa majini, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na mfuko wa plastiki, asiyependa kupotezewa muda. Pazia la kitanda likavutwa. Muuguzi akatumwa beseni la maji, na alipokuwa akirudi nalo alisikia wakinong'ona nyuma ya pazia. Tabibu alikuwa akimwuliza shemeji mkewe amezibwa na nini humo ndani, naye shemeji akajibu kwa fahari kwamba ni wavu imara.

"Basi sikia, wewe," tabibu akaliambia jini. "Apa kwamba utakaa hapo ulipo, hutavuka, hutamdhuru, maadamu wavu upo."

"Maadamu wavu upo," jini likarudia taratibu. "Naapa."

Liliapa upesi mno, hata tabibu mwenyewe akanyanyua uso. Muuguzi alikuwa ameshaangusha beseni.

Aliwaeleza kila kitu palepale, maji yakitiririka chini ya kitanda. Tabibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kiapo cha jini, alisema, hakifumuliwi kama mshono. Kiapo kipya kinataka jini liridhie, nalo liridhie kwa lipi? Akakunja mfuko wake akaondoka. Shemeji alimtazama tu muuguzi, na heri angemtukana.

Muuguzi akamwendea Mkasi, akamsihi autoe wavu ule na kuweka wa kudumu. Hakuthubutu kumwambia sababu.

"Sista, wewe si mgeni wa kazi hii," Mkasi alimjibu. "Nikiweka wa kudumu kwenye uchafu ule, namzika."

Alisema kweli. Wavu wa kulifunga jini ungemwua dada, na wavu wa kumponya dada ungelifungulia jini. Muuguzi alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi kazini.

Dada akapona. Kidonda kikafunga, marashi yakaisha, akarudi nyumbani kwenye cherehani yake bila kukumbuka lolote, na mdogo wake hakuwa na ujasiri wa kumkumbusha. Kila Jumamosi muuguzi alikwenda kulipapasa kovu, akitafuta ugumu wa wavu chini ya ngozi, na kila Jumamosi ugumu ulipungua. Pengine ndiye muuguzi pekee aliyewahi kumwomba Mungu mgonjwa wake asipone haraka.

Jumamosi ya kumi na moja, vidole vilizama. Akapapasa juu, akapapasa chini, hakukuwa na kitu.

"Kohoa, dada," alisema, kama wapimavyo ngiri.

Dada akakohoa. Uvimbe ukapanda chini ya kiganja, kama Mkasi alivyotabiri, na dada akaacha kukohoa lakini uvimbe haukushuka, ulibaki pale, ukajigawa, ukagusa kidole kimoja cha muuguzi, ukagusa cha pili, ukavipitia vyote vitano bila haraka, naye akataka kuuondoa mkono na mkono haukumtii, na kule juu dada alikuwa akimsimulia habari za sketi ya mwalimu mmoja iliyokosewa kiuno, akiwa na pini mdomoni, hajui lolote.

Kisha, kutoka chini ya kiganja, sauti ya kiume, ya upole, ikasema, "Hodi."

Muuguzi alifumbua mdomo kumzuia dada. Lakini wateja walikuwa wakibisha pale tangu asubuhi, na dada, bila hata kutazama mlangoni, alikuwa ameshajibu.

"Karibu," alisema. "Pita ndani."