Mkungu Juu ya Mlango

JUMATANO, SAA 9:15 ALASIRI

Chumba cha nyuma cha kilabu cha Kokubanza, Bugene. Harufu ya rubisi, pombe ya ndizi, iliyochacha. Dirisha moja, limezibwa kwa gunia la kahawa. Watu wanne, meza moja, karatasi moja.

Karatasi ilikuwa kubwa kama shuka. Mistari yake ilinyooka kama imechorwa na malaika asiyekunywa.

"Hapa mkono wa mtu haukugusa," alisema Gaudiosus. "Ni mashine."

Gaudiosus alikuwa na miaka ishirini na saba na kalamu tatu mfukoni. Mchoraji wa ofisi ya ujenzi ya kanisa. Mhandisi Mjerumani alimfundisha kuchora kwa kompyuta, kisha akarudi kwao, akamwachia kompyuta, jenereta na kiburi. Mwaka ule wa 1996, toka Kayanga mpaka mto wa mpakani Murongo, hakuna mwingine aliyejua kuiamsha ile programu. Watu walisema ukimpa kipimo cha mlango wako, anakuambia mkweo ataingia au atakwama.

"Eleza," alisema Kaijage. "Polepole. Mzee wetu amesomea jela."

Kaijage ndiye aliyekuwa mkuu wao. Mfupi, shati safi, sauti ya chini. Hakuwahi kufungwa hata siku moja. Wengine walifungwa kwa niaba yake.

Mzee wao alikuwa Telesfori. Miaka sitini na mbili, miaka kumi na mmoja ya jela, magoti mawili yaliyokwisha. Alikaa juu ya kreti ya bia, macho nusu wazi.

Gaudiosus akaweka kidole kwenye karatasi. "Hili ni jukwaa la jubilei ya parokia, Jumapili. Nimelichora mimi, mafundi wanalijenga. Kwenye programu unachora kwa matabaka, kama karatasi za kioo zimepangwa moja juu ya nyingine. Tabaka la mbao. Tabaka la taa. Tabaka la nyaya. Unaweza kulizima moja, lisionekane. Padre nimemchapia ramani yake, tabaka moja nimelizima."

"Tabaka gani?"

"La mlango."

Mlango ulikuwa wa sakafuni. Mraba, sentimita sitini kwa sitini, unafunguka kwenda juu. Juu yake meza ya matoleo, kitambaa kimeshuka mpaka chini pande zote. Kalisi ya dhahabu, kikombe cha misa, zawadi ya marafiki wa Ulaya, ingefika na msafara wa askofu saa nne. Ingeonyeshwa kwa watu, irudishwe kwenye kasha lake, kasha liwekwe chini ya meza nyuma ya kitambaa. Mgambo wawili mbele. Saa nane ingeondoka na msafara uleule.

"Mzee yuko chini ya jukwaa toka asubuhi," alisema Kaijage. "Ngoma zikipamba moto, anafungua, anachukua kasha, anaweka hili." Akagonga kasha la mbao mezani. Lilifanana na lile la kweli, hata kufuli. Ndani mlikuwa na tofali. "Anafunga. Anatoka kwa ubao wa nyuma, unabanduka. Mbonimpa ana gari, juu magunia ya kahawa. Jioni tuko Uganda."

Mbonimpa, dereva, alikuwa mrefu mpaka alikaa ameinamisha kichwa. Alikuwa akiangalia vijitu vidogo vilivyojaa kwenye mchoro.

"Hivi vidudu ni nini?"

"Watu. Programu ina stoo yake ya vitu. Viti, watu, maspika, vyungu vya maua. Unachagua, vinakaa. Kuna hata piano."

"Piano, Karagwe?"

"Nimeifuta."

Kaijage akagusa alama ndogo nyuma ya jukwaa. "Na hili tundu?"

"La nyaya za maspika. Thelathini kwa thelathini."

"Kasha linapita?"

"Linapita."

"Mtu?"

"Mtu hapiti."

Kaijage akaitikia kwa kichwa taratibu. Gaudiosus akaangalia kalamu zake.

Telesfori aliitazama ile meza ya matoleo kwenye karatasi. Kuizunguka, sakafu ilikuwa nyeupe, safi, haina kitu. Aliitazama muda mrefu. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Una neno, mzee?"

"Nimechoka, Kaijage. Mtafute mwingine."

"Wote tumechoka. Ile bunduki haijachoka. Bado imelala kwenye kibanja chako."

Basi. Yalikuwa yaleyale. Bunduki iliokotwa baada ya vita vya 1979. Mwaka themanini na mbili Kaijage aliitumia Kimuli, kwenye duka ambalo mwenye nalo hakuamka tena. Telesfori ndiye aliyeifukia, mpakani mwa shamba lake la migomba, Nyakasimbi. Mwaka uliofuata akafungwa kwa wizi mwingine. Alipotoka, Kaijage alikuwa anamsubiri barabarani na maneno hayohayo: nikisema neno moja, polisi watakuja na majembe.

Telesfori hakutaka mali tena. Alitaka kufia kwake, kwenye kitanda chake, azikwe kati ya migomba yake. Kukataa ni jela. Kukamatwa ni jela. Kutoka jela ile ya pili, kwa umri ule, angetolewa kwa machela.

"Sawa," akasema.

JUMAPILI, SAA 12:10 ASUBUHI

Umande. Telesfori alisimama na mundu nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na choo cha zamani. Mgomba wa pale ulizaa kuliko yote. Mkungu wake ulining'inia mzito kama ndama.

"Kata ule mdogo," alisema Laurensia, mke wake. Alikuwa amevaa gauni la kwaya na viatu mkononi. "Huu tutakula wenyewe."

"Huu."

"Toka lini umekuwa na imani namna hiyo?"

Akakata. Akaupokea begani, akapepesuka, akautua taratibu.

"Mama Adventina. Ukifika jukwaani usiuache mbele. Usukume chini ya meza, nyuma ya kitambaa. Mbuzi wa matoleo wataula."

"Melkiory akinifukuza?"

"Melkiory ni katekista, si malaika. Mwambie mbuzi. Waambie na wenzako wa Nyakasimbi."

Laurensia alimtazama. Miaka arobaini ya ndoa, kumi na mmoja ya kumpelekea unga jela. Alijua uso ule.

"Na wewe huji kanisani?"

"Nitakuwepo. Hutaniona."

SAA 1:40 ASUBUHI

Uwanja wa parokia ulikuwa bado tupu. Mafundi walikuwa mbele wakifunga maturubai. Telesfori alipita nyuma na nyundo mkononi, kofia usoni, kibarua kama vibarua wengine. Kaijage akabandua ubao. Telesfori akaingia kwa tumbo. Magoti yakalia.

Kaijage akampitishia kasha la tofali.

"Upumzike, mzee."

Ubao ukarudi. Kisha pigo la nyundo. La pili. La tatu.

Telesfori akalala gizani akisikiliza. Ubao wa kubandua haupigwi misumari. Akapiga hesabu zake upya. Yeye angebaki humu, kasha lingetoka kwa tundu la nyaya, na jioni mafundi wakibomoa jukwaa wangekuta mwizi aliyekwishapikwa.

Mpango aliopanga yeye mwenyewe haukuhesabu misumari.

SAA 4:05 ASUBUHI

Msafara ulifika. Vigelegele. Vumbi likashuka kupitia nafasi za mbao, likamwingia puani. Alijizuia kupiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Juu, miguu. Miguu mingi. Kwa vipaza sauti Padre alisifu jukwaa lililochorwa kwa kompyuta, la kwanza wilaya nzima, lisilo na kosa hata la unywele. Watu wakampigia Gaudiosus makofi.

Kalisi ikaonyeshwa. Watu wakanyamaza kama mvua iliyokatika. Kisha kasha likatua juu ya kichwa cha Telesfori, unene wa ubao mmoja kati yao. Angeweza kulisikia likipumua.

SAA 5:20 ASUBUHI

Matoleo.

Ngoma zilianza, na wakaanza kuja. Gaudiosus aliyesimama pembeni mwa jukwaa aliwaona wa kwanza, akaona vichwani mwao, na rangi ikamtoka usoni. Alikuwa mtoto wa Bugene. Alikula ndizi kabla hajaota meno. Lakini miezi mitatu alikaa mbele ya ile mashine, akichagua vitu kwenye stoo yake. Kulikuwa na viti. Kulikuwa na vyungu vya maua. Mkungu haukuwemo, naye alisahau kwamba upo duniani.

Familia elfu moja na ushei. Kila familia mkungu wake. Wengine na mbuzi, wengine na maharage, lakini mkungu lazima. Nani aende jubilei mikono mitupu?

Walicheza wakipanda ngazi. Melkiory katekista alipuliza filimbi na kuelekeza kama trafiki. Mbele kulijaa. Pembeni kukajaa. Kisha wakafika wanawake wa Nyakasimbi.

"Chini ya meza hapana, mama."

"Mbuzi, baba katekista. Unawaona wale mbuzi?"

Melkiory akawaona mbuzi. "Haya. Msiliguse kasha."

Chini, Telesfori alihesabu kwa masikio. Puu. Puu. Puu. Mlango wa sentimita sitini kwa sitini ulibonyea kidogo. Kisha likaja pigo moja lililotikisa nguzo, na sauti ya mke wake ikisema, "Sogeza na wako, Vestina, hapo kuna nafasi."

Telesfori alijua toka Jumatano. Wanne walikuwa kwenye chumba kile, na yeye peke yake aliwahi kubeba mkungu mpaka altareni. Alinyamaza. Kazi ikifa yenyewe, nani atamlaumu?

Akaweka mgongo kwenye mlango, akasukuma mara moja, ili akiulizwa asiseme uongo. Haukusogea unene wa ukucha.

SAA 5:48 ASUBUHI

"Leta." Sauti ya Kaijage, kwenye tundu la nyaya.

"Kwanza ng'oa misumari."

"Kazi imekamilika?"

"Ng'oa misumari, Kaijage."

"Kasha kwanza, mzee. Kisha misumari. Tumetoka mbali mimi na wewe."

"Tumetoka mbali," Telesfori alikubali.

Alikuwa amechoka. Alichoka hata kukasirika. Akalikokota kasha la tofali, akalisukuma kwenye tundu. Mikono misafi ikalidaka. Kaijage alilitikisa. Lilikuwa zito, limefungwa kufuli, kama alivyotarajia.

"Ubaki salama, Tele."

Nyayo. Mlango wa gari. Mbonimpa hakuwa mtu wa kuaga.

SAA 7:30 MCHANA

Kizuizi cha Kimuli. Siku zile kahawa ya kuvuka mpaka ilikuwa magendo, na askari wa kizuizi walikuwa na pua. Walishusha magunia ishirini na moja. Chini yake wakakuta kasha.

"Kufuli la nini, mzee?" askari akamwuliza Kaijage.

"Mali ya kanisa. Msiguse vitu vitakatifu."

Walivunja. Wakalitoa tofali, wakaligeuza, wakatafuta ndani yake kitu kingine. Wanasema Kaijage alilitazama tofali lile kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama mtu. Mbonimpa alianza kucheka na hakuweza kuacha. Alicheka mpaka kituoni, hata walipomvua mkanda.

SAA 9:40 ALASIRI

Msafara ulishaondoka na kalisi yake. Uwanja ukapungua. Telesfori alilala chali, koo kavu, miguu imekufa ganzi. Juu, wanaume walikuwa wakibeba mikungu kwenda jiko la Padre. Pembeni mafundi walishaanza kung'oa ngazi. Alibakiwa na nusu saa, labda, kabla hawajamfikia.

Sauti ya Laurensia ikaja juu yake. "Huu wangu uacheni, ni mzito. Nitatafuta mtu."

Telesfori akagonga ubao kwa kidole. Mara tatu.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Wa kwako."

Kitambaa kikainuka, kikashuka. Alikuwa ameingia chini ya meza. Mkungu ukasogezwa kwa kuburuzwa, mlango ukainuka, na mwanga ukampiga usoni. Laurensia alikuwa amepiga magoti, gauni la kwaya limechafuka utomvu. Alimtazama kama mtu anayetazama choroko zilizooza.

"Kaijage?"

"Kaijage."

"Kwa sababu ya ile bunduki?"

Kwa miaka yote hiyo Telesfori hakuwahi kumtamkia neno lile.

"Umeijuaje?"

"Mwaka themanini na tano nilikuwa nalima maharage kule mpakani. Jembe likagonga chuma. Wewe uko jela, mimi nina watoto wanne na chuma cha watu. Nikaitumbukiza chooni. Choo nikakifukia, nikapanda mgomba." Aliupiga kofi mkungu uliokuwa kati yao. "Nilidhani umeifukua ukakuta haipo, ukaona aibu kuniuliza."

Hakuwahi kufukua. Alipita pale kila asubuhi kwa miaka miwili akiwa na jembe begani, na kila asubuhi aliogopa.

Alipanda taratibu, goti moja, kisha la pili. Mke wake alimshika kwapa. Akarudisha kifuniko, akapangusa vumbi shatini mwa mumewe kwa kiganja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Wakiniuliza nilikuwa wapi?"

"Nani atakuuliza? Una mkungu." Akainua kitambaa. "Beba."

Telesfori akaupokea begani ule mkungu mzito kama ndama. Akashuka jukwaani, akaingia kwenye mstari wa wanaume waliokuwa wakienda jikoni. Gaudiosus, aliyekaa kwenye spika akiwa ameshika kichwa, aliinua macho, akamwona, akayashusha. Melkiory akapuliza filimbi.

"Wewe mzee, upande wa kulia. Fuata wenzako."

Akafuata wenzake.