Pagala la Kumi na Mbili

Nilimsalimu shemeji yangu kwa adabu zote, nikamtania kuhusu kitambi changu, nikamwomba radhi kwa kupotea bila taarifa, na nilikuwa nimeshaanza kumsimulia habari za goti langu la kushoto ndipo nilipokumbuka kwamba shemeji yangu ana miezi saba kaburini.

Nijitetee kidogo. Miwani yangu nilikuwa nimeikalia ndani ya ndege. Mapazia ya chumba yalikuwa yamefungwa saa nane mchana. Na mdogo wangu alikuwa amefunga ukutani skrini yenye ukubwa wa mlango, na humo ndani mwanamke amesimama kanipa mgongo, gauni la kijani ninalolijua, mkono mmoja kiunoni. Isitoshe, mtu aliyepokea msiba kwa simu, akiwa nchi ya mbali, juu ya ngazi, huwa hakuupokea sawasawa. Unabaki sikioni, haushuki.

"Kaka, unaongea na kompyuta," mdogo wangu alisema nyuma yangu. Alikuwa ameshika ndoo ya maji na tambara.

Nilicheka nisije nikalia. "Basi mfundishe adabu. Mtu namsalimu, yeye ananigeukia tu na kunitazama."

Akaiweka ndoo chini polepole. "Amegeuka?"

"Kageuza shingo, kanitazama, karudi alivyokuwa."

"Haiwezekani." Alisema kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Sijamtengenezea kugeuka, kaka. Nimemfundisha kutembea tu."

Mimi ni fundi wa lifti. Nimezifunga katika nchi kumi na nne, nimepandisha watu na kuwashusha maisha yangu yote, na mwenyewe sijapanda popote. Mdogo wangu ni fundi wa meno ya bandia, mtu wa mikono mitulivu, na kazini kwake hakuna mgonjwa aliyewahi kuondoka na meno nusu. Ugonjwa wake ulikuwa nyumbani. Kwa miaka tisa alijifundisha kutengeneza michezo ya kompyuta, na katika miaka hiyo tisa alianzisha michezo kumi na mmoja asimalize hata mmoja. Kulikuwa na mchezo wa uvuvi usio na samaki. Kulikuwa na wa mpira wenye kipa mmoja aliyelinda magoli yote mawili. Kulikuwa na wa mbio za magari, ambamo gari lilikwenda vizuri mno hadi kona ya kwanza, ambapo dunia iliishia na gari likaanza kuanguka, na kama halijazimwa nadhani linaanguka mpaka leo.

Mchezaji wake alikuwa mmoja tu, mkewe. Kila Jumamosi mchana alivuta kiti cha jikoni, akafungua daftari, akacheza huku akiandika makosa. "Nimekwama ukutani tena, nitoe," ungemsikia akisema. Mumewe alimpa jina la Bwana Kesho, maana kila alipomuuliza mchezo utaisha lini, jibu lilikuwa hilo hilo.

Nyumba ndiyo kitu cha kwanza mdogo wangu alichojifunza kutengeneza: kuta nne, dirisha, mlango. Haikuwa na paa wala vyumba. Aliionea fahari, basi kila alipoanza mchezo mpya aliinakili na kuiweka pembeni. "Nitaiezeka baadaye," alikuwa akisema. Michezo kumi na mmoja, na katika kila mmoja nyumba ile ile, mlango wazi, haina mwenyewe.

Shemeji alipougua alimwambia, "Nimalizie mmoja tu, wowote ule. Nataka nione neno Mwisho." Mdogo wangu alitaka kumfurahisha. Akaanzisha mwingine, mzuri kuliko yote.

Huo ulikuwa wa kumi na mbili. Mchezaji anamwongoza mwanamke ndani ya nyumba yake, kisha uani, hadi getini. Ni hivyo tu. Alimpiga mkewe picha za video kwa simu akitembea kwenye ujia wa hospitali, akaunakili mwendo wake hatua kwa hatua, na ule mguu wa kushoto uliokuwa ukiburuta kidogo. Shemeji alifariki mumewe akiwa bado anarekebisha kifundo.

Basi nikakaa kwake. Siku ya pili nikasikia harufu ya saruji mbichi. Nilidhani ni plasta ya meno, kumbe mwenzangu alikuwa na wiki tano hajakanyaga kazini. Nikachungulia dirishani: ghorofa ya tatu, mtaa mkongwe, hakuna aliyekuwa akijenga hata banda la kuku. Kisha mchana, wakati watu wote wamejifungia ndani kukwepa jua, nikasikia ujiani hatua moja, halafu mguu unaoburuta. Hatua moja, mguu unaoburuta.

Siku ya tatu tulikuwa mezani. Nikamtolea mdogo wangu kisa cha tajiri mmoja aliyekwama ndani ya lifti na mama mkwe wake kwa saa sita, na nilipofika penye utamu mtu akacheka. Si yeye. Kicheko kilitoka chumbani, kile cha shemeji cha kuanza kama kikohozi.

"Umesikia?" nilinong'ona. "Anacheka vile vile."

"Vile vile kama nani?"

"Kama mkeo."

Akakitazama kijiko chake. "Sikumbuki kama alikuwa anacheka, kaka."

Nikamuuliza mkewe alikuwa akigeukaje akiitwa. Hajui. Na yeye, mkewe alikuwa akimwitaje? Hapo alitabasamu. "Bwana Kesho," akasema, na nikashusha pumzi. Kumbe ningenyamaza, maana kesho yake saa nane nilikuwa nimekaa naye chumbani, yeye akirekebisha dirisha la ile nyumba, mimi nikijifanya nasoma gazeti, na kutoka kwenye spika sauti ya mwanamke ikaita polepole, Bwana Kesho, ikaita tena, Bwana Kesho, na mdogo wangu hakuinua kichwa kwa sababu hakujua ni nani anayeitwa, nami nikaruka nikang'oa waya ukutani, skrini ikawa nyeusi kama kisima, feni ya kompyuta ikakata pumzi, na katika ule ukimya, huku harufu ya saruji ikinijaa kooni hata nikaihisi kwenye ulimi, hatua zikaanza upya, si ndani ya skrini tena bali nje, ujiani, hatua moja na mguu unaoburuta, zikaingia chumbani, zikapita kando ya kitanda, zikaja zikasimama nyuma yangu, na mtu mzima mimi, niliyeshuka kwenye mashimo ya lifti ya ghorofa arobaini kwa kamba, sikuweza kugeuza shingo yangu.

Mganga tuliyempata alikuwa fundi wa friji. Msinicheke. Jirani wa chini ndiye aliyemtaja: friji zinamshinda, alisema, lakini majini hayajawahi kumshinda. Alikuja na boksi lake la spana, akanusa, akabandika kiganja ukutani kama anayepima baridi, na hakuuliza lolote kuhusu marehemu.

"Humo ndani ya mashine," aliuliza, "mna nyumba ngapi ambazo hazijaisha?"

"Kumi na mbili," alijibu mdogo wangu kwa aibu.

"Basi. Jini hakai nyumba yenye mwenyewe. Anakaa pagala, nyumba iliyojengwa ikaachwa njiani. Wewe umemjengea mapagala kumi na mawili, na hili la mwisho ukamwekea na mwili. Mwili wenyewe mtupu, kwa hiyo anaujaza. Na anachota hapa." Akamgusa mdogo wangu kifuani kwa spana.

"Tuufute," nilisema.

"Yale kumi na moja futeni, ni matupu. Hili lina mtu ndani. Ukilibomoa atahamia la jirani, na jirani ni huyu ndugu yako. Dawa ni kumaliza. Aezeke, aweke vyumba, aweke mwisho. Kisha acheze mtu mwingine ambaye hakuujenga mchezo, amfikishe huyo mwanamke getini, amtoe."

"Na vile alivyokwisha kumchukulia?" niliuliza.

Fundi alifunga boksi lake. "Friji ikiozesha nyama, nikiitengeneza nyama hairudi."

Alipoondoka mdogo wangu akasema, kwa utulivu ule wa kuchonga meno, "Sitamaliza."

"Una wazimu?"

"Kila ninachosahau mimi, yeye anakipata. Vina faida gani kwangu? Vinaniuma tu. Kule vinatembea, vinacheka."

"Huyo si yeye, mdogo wangu."

"Utajuaje? Ulikuwa wapi, kaka? Ulikuwa kwenye lifti zako."

Mimi nina jibu kwa kila jambo, mtu yeyote niliyefanya naye kazi atawaambia, tena kwa uchungu. Safari hii nilitoka nikaenda kumpigia simu mama mkwe wake.

Mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikuja asubuhi, akavuta kile kiti cha jikoni, akakataa chai, akamwambia mkwewe akae mbele yake.

"Baba," alisema, "mwanangu aliitwa nani?"

Mdogo wangu alifungua kinywa. Tukangoja. Akamtazama mama mkwe kama mwanafunzi anayeomba asaidiwe herufi ya kwanza, na mama mkwe hakumsaidia. Akainuka, akaingia chumbani, na kupitia mlango tukasikia sauti ya mwanamke ikimtajia, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Akatoka mbio. Alipofika kwetu midomo ilikuwa wazi na haikuwa na kitu.

Akarudi ndani. Tukasikia tena lile jina. Akatoka tena, safari hii akitembea, machozi yakimtoka.

"Amenitajia, mama. Nikivuka mlango linapotea."

"Nimesikia," alisema mama mkwe. Akaikalia mikono yake.

Mdogo wangu alifanya kazi siku nne. Alifuta michezo kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ulipokufa harufu ilizidi, hata tukawa tunalala madirisha wazi. Akaezeka nyumba. Akaweka sebule, jiko, chumba cha kulala chenye shuka lililotandikwa. Yule mwanamke alikuwa akimfuata chumba hadi chumba akimtazama, bila kucheka tena, na mara moja nilimwona ameweka kiganja kwenye ukuta mpya, kama mtu anayeangalia kama umekauka. Siku ya nne mdogo wangu aliandika neno Mwisho, akasogea kando.

Nilikaa mimi kwanza, kwa kuwa mdomo wangu ndio uliokuwa umejitolea. Nikamtembeza vizuri hadi getini. Hapo akanigeukia.

"Shemeji," alisema. "Kunizika hukuja. Umekuja kunifukuza?"

Vidole vyangu vikafa. Niliinuka nikaenda kusimama ukutani nikivitazama viatu vyangu, wanaume wawili wakubwa tumejipanga ukutani kama watoto wa shule.

Mama mkwe akakalia kiti. "Panabonyezwa wapi?"

Mdogo wangu alimwonyesha. Mama mkwe hakuwahi kugusa mchezo wowote maishani mwake. Alimgongesha yule mwanamke mlangoni mara mbili, akamwomba radhi kwa kuinamisha kichwa, akaanza kumtoa sebuleni taratibu, jikoni, uani, pole pole kama amemshika mkono, na kadiri walivyokaribia geti ndivyo ule mguu ulivyozidi kuburuta.

Getini yule mwanamke aligeuka.

"Mama, huko nje kuna giza. Hajachora kitu huko."

Kidole cha mama mkwe kilikuwa juu ya kitufe.

"Mama, nikitoka natoka na vyote alivyonipa. Kicheko, sauti, jina. Huyu hatabaki na hata kimoja."

Mdogo wangu alinishika mkono wa shati. Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa, akamtazama yule mwanamke usoni kwa muda mrefu kabisa, nyusi, kidevu, upande wa shavu, na machozi yakamshuka bila yeye kuyajali.

"Nilimzaa mimi," alisema, kidole kikishuka. "Vyote ninavyo. Toka."